Kinachovuta samaki mdomoni mwa mto ndicho kinachokusanya taka

KATIKA miaka ya karibuni, wakazi wa Rhonda, Kaptembwo na Mwariki, mitaa ya Nakuru iliyo karibu na Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru, wameshuhudia jambo ambalo wazazi wao hawakulijua: samaki wakubwa wa ziwa hilo wakivuliwa na kuuzwa kwa bei nafuu mitaani.

Mvuvi mwenye uzoefu hatangitangi ziwani akibahatisha. Huelekea pale ambapo mto unamwaga maji yake, kwa kuwa anajua samaki hawakosi hapo. Je, ni nini kinachowavuta? Na je, mama anayemnunua samaki huyo kwa ajili ya watoto wake anapaswa kufahamu nini?

Samaki ni mchumi wa nguvu zake. Akikaa katikati ya mkondo wenye kasi, huchoka kwa kuogelea bila kupumzika. Akikaa penye maji yaliyotulia kabisa, chakula hakimfikii. Kwa hivyo huchagua mpakani: nyuma ya jiwe, kando ya gogo au pale mto unapopunguza mwendo. Hapo hutulia huku mkondo ukimletea wadudu, mbegu na samaki wadogo.

Kanuni hii inajulikana kote duniani. Nchini Marekani, wahandisi wa karne ya 19 walijenga kuta fupi za mawe zinazochomoza kutoka kingo za Mto Mississippi, ili maji yasukumwe katikati, mkondo uchimbe mchanga na vyombo vipate kina cha kupita. Waliwafikiria manahodha, lakini wavuvi nao walifaidika. Samaki aitwaye walleye, ambaye macho yake huona vyema katika mwanga hafifu, hujibanza kando ya kuta hizo akivizia mawindo, na wavuvi humfuata papo hapo.

Huko Kisangani, mashariki mwa Kongo, Wagenia hawakungoja mhandisi. Kwa vizazi vingi wamesimamisha magogo katikati ya maporomoko ya Mto Kongo na kufunga humo mitego mikubwa ya vikapu, na mkondo wenyewe huwasukuma samaki ndani.

Hapa Kenya, wenyeji wa Nyanza walizuia mito kwa nyua za vijiti na kutega vikapu msimu wa mvua, wakati samaki aitwaye ningu anapopanda kutoka Ziwa Victoria kwenda kutaga mayai. Katika karne ya 20, nyavu za kisasa zilipotandazwa midomoni mwa mito hiyo, ningu walipungua mno. Funzo ni kwamba mahali panapowakusanya samaki ndipo pia wanapoweza kumalizwa kwa urahisi.

Ziwa Nakuru lina historia yake. Kwa muda mrefu magadi yaliyokolea majini hayakuruhusu samaki wa kawaida kuishi humo. Tilapia wadogo waliozoea magadi waliletwa kutoka Ziwa Magadi kuanzia miaka ya 1950, ili wale viluwiluwi vya mbu. Ujio wao uliwavuta mwari na ndege wengine walao samaki.

Kisha maji yakaanza kupanda. Eneo la ziwa lilitoka takriban kilomita 40 za mraba mwaka 2010 na kufikia karibu kilomita 68 mwaka 2020. Familia za Mwariki na Barut zilipoteza nyumba na mashamba. Magadi nayo yalizimuliwa: heroe wengi wakahama kwa kukosa chakula, na tilapia wakubwa wakapata makao. Mdomoni mwa mto, ambapo magadi ni hafifu zaidi kuliko kwingine, samaki wa aina hiyo hupata hifadhi.

Hata hivyo, mkondo hauchagui unachobeba. Mto Njoro huteremka kutoka msitu wa Mau, ukapita mashambani na mijini kabla ya kufika ziwani. Mvua inaponyesha, mto na mitaro ya mji huzoa udongo, dawa za mimea, plastiki na uchafu wa vyoo. Maji yanayotoka katika mitambo ya kusafisha maji-taka ya Nakuru huishia ziwani vilevile.

Mto unapopunguza mwendo ili samaki apumzike, ndipo pia unapotua mzigo wake. Tope huzama, na sumu iliyogandamana na tope huzama nalo. Isitoshe, Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Maji hupotea hasa kwa kugeuka mvuke, lakini madini kama risasi na zebaki hayageuki mvuke pamoja nayo. Yanabaki chini, wadudu wa topeni wanayala, na samaki anawala wadudu.

Ndiyo sababu mwaka 2021 maafisa wa serikali waliwaonya wananchi wasile samaki wa ziwa hilo. Wengi walilipuuza onyo hilo wakisema kwamba moto huua kila kitu. Ni kweli kwamba moto huua viini vya kipindupindu na homa ya matumbo. Lakini risasi na zebaki haziondoki kwa kuchemshwa wala kwa kukaangwa. Hujilimbikiza mwilini kidogo kidogo, na wanaodhurika zaidi ni watoto wadogo na mimba changa, kwani ubongo wao ungali unakua.

Kwa mvuvi, hatari ni maradufu. Kuvua ndani ya mbuga bila idhini ni kosa kisheria, na askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) hushika doria. Viboko nao hupenda maji hayo hayo ya kingoni, na kiboko ni mnyama hatari.

Lakini si haki kumlaumu mvuvi peke yake. Aliyepokonywa shamba na maji hutafuta riziki katika maji hayo hayo. Kumfukuza bila kumwonyesha njia nyingine ni kumfanya arudi usiku.

Mnunuzi naye ana la kufanya. Amuulize mwuzaji samaki ametoka wapi, na anunue penye soko linalokaguliwa. Serikali ya kaunti nayo ipime samaki mara kwa mara na kutangaza matokeo kwa lugha ambayo kila mkazi anaielewa. Zaidi ya yote, mto usafishwe kuanzia juu, kwa maana kinachotupwa Njoro leo kitafika mezani Rhonda kesho.