Mwamuzi alipokosea, hata mkosewa alimpa mkono

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA wa mpakani anaujua uchungu wa kuambiwa mzigo wake umezidi kilo, ilhali aliupima mwenyewe kabla ya kuondoka nyumbani. Atabisha, ataapa, ataita mashahidi, lakini neno la mwenye mizani ndilo la mwisho.

Uchungu wa namna hiyo uliwapata mashabiki wa besiboli mjini Detroit, Marekani, usiku wa Juni 2, 2010.

Kwa wasioujua mchezo huo, mrushaji hurusha mpira na mpinzani hujaribu kuupiga kwa gongo, kisha hukimbilia kituo cha kwanza. Mpira ukimtangulia mikononi mwa mlinzi anayekanyaga kituo, mpigaji ametoka. Mchezo una zamu tisa, na kila zamu timu hutolewa wachezaji watatu. Mrushaji akiwatoa wapigaji wote 27 bila hata mmoja kufika kituoni, huo huitwa mchezo kamili. Hadi siku hiyo ilikuwa imetokea mara 20 tu katika historia ya zaidi ya miaka 130 ya ligi kuu za Marekani.

Armando Galarraga, kijana kutoka Venezuela aliyeichezea Detroit Tigers, alikuwa amekwisha kuwatoa wapigaji 26 wa Cleveland. Alibaki mmoja, Jason Donald. Donald aliupiga mpira chini, Miguel Cabrera akaudaka na kumtupia Galarraga, ambaye alikuwa amekimbia kukanyaga kituo. Uwanja mzima uliona mpira umefika kwanza. Wachezaji walianza kushangilia.

Mwamuzi Jim Joyce, mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka 20, alitandaza mikono yake: mkimbiaji amefika!

Uwanja ulilipuka kwa mayowe na zomeazomea. Kocha Jim Leyland alitoka kulalamika, lakini wapi! Wakati huo picha za video ziliruhusiwa kutumika kwa mipira iliyopigwa nje ya uwanja tu. Galarraga mwenyewe alitabasamu, akarudi mahali pake na kumtoa mpigaji aliyefuata. Tigers walishinda 3-0, lakini rekodi ilikuwa imepotea.

Hasira ya mashabiki ilikuwa na msingi. Shabiki haombi apendelewe, anaomba kilichoonekana na macho ya watu kiandikwe kama kilivyoonekana.

Lililofuata ndilo linaloifanya habari hii isimuliwe mpaka leo. Baada ya mchezo, Joyce aliitazama picha, akaona kosa lake. Hakujificha nyuma ya cheo. Aliwaambia waandishi wa habari kuwa amemnyang'anya kijana yule mchezo kamili, kisha akaomba kuonana naye. Alimwomba radhi huku akilia, na Galarraga akamkumbatia. Kesho yake Galarraga ndiye aliyempelekea Joyce karatasi ya majina ya wachezaji, na mwamuzi akafuta machozi mbele ya watu. Uwanja uliomzomea jana yake ulimpigia makofi.

Hata hivyo, samahani haikurudisha rekodi. Kamishna wa ligi, Bud Selig, alikataa kuubatilisha uamuzi. Mwaka 2014 ligi iliruhusu makocha kukata rufaa kwa picha za video katika maamuzi mengi, yakiwemo ya aina hiyo. Galarraga hakunufaika. Walionufaika ni waliokuja baada yake.

Katika kanda yetu, watoto wa Uganda wanaoucheza mchezo huu waliuonja uchungu wao, nao haukutoka kwa mwamuzi. Mwaka 2011 timu ya Kampala ilifuzu kwenda fainali za dunia za watoto nchini Marekani, ikanyimwa viza kwa sababu ya kasoro katika nyaraka za umri wa wachezaji. Mwaka uliofuata timu ya Lugazi ilifanikiwa kwenda, ikawa ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali hizo.

Msomaji aliyerejea nyumbani baada ya miaka ya ukimbizini, akakuta shamba lake limeandikwa jina la mwingine, hahitaji kuelezwa uzito wa uamuzi wa mtu mmoja. Yeye na mwenye mzigo pale mpakani wanadai mambo mawili. La kwanza ni mwenye mamlaka kukubali kusema, "Nilikosea." La pili ni pawepo mahali pa kukata rufaa, na rufaa hiyo isikilizwe kabla jambo halijaharibika.

Detroit walilipata la kwanza siku ile ile. La pili lilichukua karibu miaka minne.