Kabla Hujaposti VX ya Mtu, Iwashe Ikiwa ya Baridi

Leo naongea na sisi tunaouza magari ya watu mtandaoni. Huna yadi, huna gari lako, una simu, bando na jina lako tu. Na wewe unayeuza viatu au vyombo usipite, maana siku ukitaka kujinunulia gari kubwa la mtumba haya yatakuhusu.

Naanza na aibu yangu. Miaka michache iliyopita nilipewa VX ya dizeli niiuze. Nikaenda Mbezi kuipiga picha saa nane mchana, nikakuta imeoshwa inang'aa na injini inaunguruma tayari. Mwenye gari akaniambia, "Nimekuwashia kabisa usipoteze muda." Nikamwona mstaarabu. Nikaposti: "Injini safi, haina tatizo lolote, ni kuwasha na kuondoka." Siku ya tano ikachukuliwa na mzee mmoja wa Singida. Kamisheni yangu laki tano, nikafurahi.

Wiki haijaisha, simu ikaita. Mzee alikuwa anapanda vilima vya Gairo, mshale wa joto ukapanda mpaka juu, mvuke ukaanza kutoka. Fundi kufungua, silinda hedi ina ufa. Mzee hakunitukana. Aliniuliza tu, "Kijana wangu, wewe uliandika injini safi. Huo usafi uliuona wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilirudisha laki tano yote, na haikufika popote kwenye gharama ya fundi. Tangazo langu likapigwa picha, likazunguka kwenye magrupu. Miezi mitatu sikuuza hata baiskeli.

Tangu siku ile siposti gari kubwa bila kupita hatua hizi. Nazungumzia Land Cruiser, zile tunazoita VX (toleo la 100, la 1998 hadi 2007) na V8 (toleo la 200, lililoanza 2007), kwa sababu ndizo zinazoulizwa sana. Mambo mengi yanafaa hata kwa gari kubwa jingine.

1. NENDA ASUBUHI, INJINI IKIWA YA BARIDI

Mwambie mwenye gari asiiwashe mpaka ufike. Ukifika, weka mkono juu ya boneti. Ikiwa ya moto, ahirisha, urudi kesho. Injini iliyopashwa huficha mengi: kuwaka kwa shida, mlio wa kugonga, na moshi.

Simama nyuma wakati inawashwa. Mvuke mweupe kidogo asubuhi ya baridi ni kawaida, unapotea. Moshi mweupe usiokoma ni maji yanaingia kwenye silinda au dizeli haiungui vizuri. Wa bluu, injini inakula oili. Mweusi mzito kwenye dizeli, angalia nozeli, filta ya hewa na turbo. Kisha, injini ikiwa sailensa, legeza kifuniko cha oili. Ikipumua kwa nguvu mpaka kifuniko kinarukaruka, ringi za pistoni zimechoka.

2. MFUMO WA KUPOZA

Hapa ndipo nilipopigwa, kwa hiyo hapa nakaa sana. Gari hili lina zaidi ya tani mbili. Likibeba mzigo na kupanda mlima, rejeta mbovu inajulikana siku hiyo hiyo, hata kama mjini lilikuwa halisumbui.

Kabla ya kuwasha, fungua kifuniko cha rejeta. Usijaribu kabisa injini ikiwa ya moto, utaungua. Kulanti ya Toyota huwa nyekundu au ya pinki. Ukikuta maji ya kahawia yenye kutu, ujue watu wamekuwa wakijaza maji ya bomba. Angalia sehemu ya plastiki ya juu ya rejeta, kwenye V8 hasa, maana hupasuka ufa mwembamba. Utaona alama kavu ya pinki pale ilipovuja.

Sasa iwashwe kifuniko kikiwa wazi. Mapovu machache mwanzoni ni hewa tu. Yakiendelea kupanda bila kukoma, gesi ya silinda inaingia kwenye maji: gasketi imekufa au hedi ina ufa. Chungulia na kifuniko cha oili. Ukikuta uji kama chai ya maziwa, maji na oili vimeanza kukutana. Hapo piga picha, sema asante, ondoka.

Jambo la mwisho, zima injini na uzungushe feni kwa mkono. Iwe nzito kidogo. Ikizunguka bwerere, klachi yake imekufa.

3. MKANDA WA TAIMINGI

VX ya dizeli ya 4.2 na ile ya petroli ya 4.7 zote zinatumia mkanda. Hubadilishwa kila kilomita 100,000 au 150,000, kutegemea gari lilitengenezwa kwa soko gani. Dizeli nyingi zina taa ya T-BELT kwenye dashibodi, lakini taa hiyo huzimwa na mtu yeyote anayejua, hata mkanda ukiwa wa zamani. Ukikatika kwenye dizeli hii, valvu zinagonga pistoni. Kwa hiyo omba risiti. Kama haipo, mhesabie mnunuzi gharama ya mkanda mpya tangu mwanzo. V8 ya dizeli ya 4.5 inatumia cheni, hilo halikuhusu.

4. GIABOKSI, DIFU NA MIGUU

Kanyaga breki, toa P weka D, kisha R. Ikichelewa kushika au ikipiga teke, kuna kazi. Oili ya gia yenye harufu ya kuungua ni dalili mbaya. Ingiza gia nzito ya 4L, tembea mita chache, kwa sababu wengi hawajawahi kuitumia na siku ya tope haiingii. VX za mwanzo difu ya mbele ndiyo dhaifu, sikiliza mlio. Baadhi ya VX zina kitufe cha kupandisha na kushusha gari. Kibonyeze. Ikigoma au ikirukaruka barabarani kama mpira, matengenezo yake si ya bei ya shokapu za kawaida.

5. CHINI YA GARI

Lala chini. Magari yaliyotoka sehemu za theluji Japani hukutana na chumvi ya barabarani, inakula chesisi. Rangi nyeusi mpya chini ya gari kuukuu inataka ugonge kwa nyundo ndogo: chuma kizima kinalia, kilichooza kinanyamaza.

6. DASHIBODI

Funguo kwenye ON, taa ya injini lazima iwake, kisha izime ukishawasha. Isipowaka kabisa, huenda mtu ameing'oa makusudi.

Baada ya hapo lete fundi wako, siyo wa mwenye gari. Halafu andika ulichokiona. Siku hizi tangazo langu linasomeka hivi:

"VX dizeli 4.2. Nimeishuhudia ikiwaka ya baridi, moshi hakuna. Rejeta mpya, risiti ipo. Mkanda wa taimingi hauna risiti, panga kuubadilisha. Bushi za mbele zimechoka. Njoo na fundi wako."

Mwenye gari mmoja alikataa tangazo la namna hii, akampa dalali mwingine. Sawa. Kamisheni ile niliikosa, lakini usiku nalala, na simu ya kutoka Gairo siiogopi tena.

Wewe uliwahi kuuza kitu ambacho hukukikagua? Kilikurudia vipi? Tuandikie hapa chini, wenzako wajifunze.