Ni upande upi wa ubongo unaocheka?

Kuna usemi uliozagaa katika vyumba vya walimu kwamba mwanafunzi fulani ni wa "ubongo wa kushoto", kwa hiyo apewe hesabu na sayansi, na mwenzake ni wa "ubongo wa kulia", aachiwe ushairi na uchoraji. Nimeusikia kwa walimu ninaowaheshimu, na nimeusoma katika insha za wanafunzi wangu. Una chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayoupa nguvu ya kupotosha.

Mwaka 1861, daktari Mfaransa, Paul Broca, alimchunguza mgonjwa aliyeweza kutamka takriban silabi moja tu, "tan". Alipofariki, ilibainika kwamba sehemu ya mbele ya ubongo wake, upande wa kushoto, ilikuwa imeharibika. Karne moja baadaye, Mmarekani Roger Sperry, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1981, aliwachunguza wagonjwa wa kifafa waliokatwa daraja la neva linaloziunganisha nusu mbili za ubongo ili kifafa kitulie. Maadamu kinachoonekana kushoto mwa mahali macho yalipokazwa hupokewa na nusu ya kulia, Sperry na mwanafunzi wake, Michael Gazzaniga, waliweza kuionyesha nusu moja picha ambayo nusu ya pili haikuiona.

Siku moja, kati ya picha za kawaida, walichomeka ya mwanamke asiye na nguo, wakaielekeza kwenye nusu ya kulia ya mgonjwa mmoja wa kike. Alipoulizwa ameona nini, alijibu kwamba hakuona kitu. Hata hivyo tabasamu lilimtoka, akaanza kucheka. Anacheka nini? Hakujua, mwishowe akasingizia kwamba mashine iliyokuwa mbele yake ilikuwa ya kuchekesha. Nusu ya kulia iliiona picha, hisia zikaamka. Nusu ya kushoto, yenye usemi, ilizipata hisia bila ya kujua chanzo chake, ikabuni sababu. Kwangu mimi mwanaisimu, hapa ndipo penye uhondo: mtu anaweza kueleza kwa ufasaha jambo asilolijua kabisa. (Wanasiasa, nadhani, hawahitaji kupasuliwa ili waliweze hilo.)

Lugha nayo haimo yote kushoto. Chukua neno letu "haya". Kwa kiimbo kimoja ni ridhaa, kwa kingine ni tisho, kwa kingine ni kukata tamaa. Mwaka 1979, madaktari Elliott Ross na Marsel Mesulam walimweleza mwalimu wa shule nchini Marekani aliyepatwa na kiharusi upande wa kulia. Sarufi yake ilisalimika, msamiati vilevile. Sauti ndiyo iliyobaki bapa. Alishindwa kulidhibiti darasa kwa kuwa hasira yake haikusikika, ikambidi aitangaze kwa maneno kwamba amekasirika na hafanyi mzaha. Mwalimu yeyote aliyewahi kulinyamazisha darasa kwa "haya!" moja tu ataielewa hasara hiyo.

Je, basi hisia zote ni za kulia? Wataalamu wangali wanabishana. Wapo wanaoshikilia hivyo, na wapo wanaosema kwamba nusu ya kushoto ina sehemu yake, hasa katika hisia zinazotuvuta kukikaribia kitu. Lakini kuhusu watu wa kushoto na watu wa kulia, watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walichunguza picha za ubongo za watu zaidi ya 1,000 mwaka 2013, wasione ushahidi kwamba mtu mzima huelemea nusu moja. Wagonjwa wa Sperry walikatwa daraja. Wanafunzi wetu wanalo.

Tena, huo ushairi unaodaiwa kuwa wa kulia ni upi? Shairi la arudhi lenye mizani 16 katika kila mshororo humtaka mtunzi ahesabu na ahisi kwa wakati mmoja.

Mfumo wa elimu ya umilisi unawataka vijana wetu wachague mkondo wanapoingia sekondari ya juu. Alama zao zijadiliwe, ari yao pia, hata uhaba wa maabara shuleni kwao. Ila binti akiuliza kwa nini ananyimwa fizikia, asijibiwe kwamba ubongo wake ni wa kulia.