Jicho huona, ubongo hutafsiri: Kwa nini shahidi mkweli aweza kukosea

MTU anapoapa kwamba ameliona jambo kwa macho yake mwenyewe, aghalabu wanaomsikiliza huwa hawana la kuongeza. Imani kwamba jicho halidanganyi imekita mizizi katika jamii. Hata hivyo, wataalamu wa saikolojia hutofautisha mambo mawili ambayo huchanganywa katika mazungumzo ya kila siku, nayo ni hisi na utambuzi.

Hisi ni kazi ya viungo vya mwili. Macho, masikio, pua, ulimi na ngozi hupokea vichocheo kama vile mwanga, sauti na harufu, kisha huvigeuza kuwa ishara zinazosafirishwa na neva hadi kwenye ubongo. Utambuzi, kwa upande wake, ni kazi ya ubongo ya kuzipanga ishara hizo na kuzipa maana. Jicho hupokea umbo na rangi. Ubongo ndio unaoamua iwapo umbo hilo ni la jirani, mbuzi au mwizi.

Kila kiungo kina mipaka yake. Mnamo 1860, mwanasayansi Mjerumani Gustav Fechner alichapisha kitabu kilichoweka misingi ya kuipima mipaka hiyo, ambayo huitwa vizingiti. Mwanga au sauti iliyo hafifu kupita kiasi haihisiwi kamwe. Aidha, mtu anayetoka kwenye mwanga mkali na kuingia gizani huhitaji takriban dakika 20 hadi 30 ili macho yake yazoee kikamilifu. Isitoshe, seli za jicho zinazofanya kazi gizani hazitofautishi rangi. Ndiyo maana shati jekundu huonekana jeusi usiku usio na taa.

Palipo na pengo, ubongo hulijaza kwa yale unayoyatarajia. Wahenga walisema kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Macho ya mtu huyo hayana kasoro yoyote, na yalichopokea ni ung'ongo tu. Hofu ndiyo iliyoutafsiri kuwa nyoka.

Umakini nao una nafasi yake. Mnamo 1999, wanasaikolojia Daniel Simons na Christopher Chabris wa Marekani walieleza jaribio ambapo watazamaji walitakiwa kuhesabu pasi za mpira katika kanda ya video. Mtu aliyevaa vazi la gorila alipita katikati ya wachezaji, lakini takriban nusu ya watazamaji hawakumwona. Macho yao yalikuwa wazi. Fikira zao ndizo zilizokuwa kwingine. Vivyo hivyo, mtu aliyeelekezewa bunduki huweza kuukodolea macho mtutu, asiuone vyema uso wa anayeishika.

Hapa ndipo elimu hii inapokutana na sheria. Mtu aliyevamiwa usiku anapomnyoshea kidole mshtakiwa aliye kizimbani, huenda anasema analoliamini kwa moyo wake wote, na bado akawa anampeleka jela asiye na hatia. Mnamo 1953, katika kesi ya Abdallah bin Wendo, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilitahadharisha kwamba ushahidi wa utambulisho unaotolewa na shahidi mmoja sharti uchunguzwe kwa uangalifu mkubwa, hasa ikiwa mazingira yalikuwa magumu. Mahakama za Kenya zimeurejelea uamuzi huo mara nyingi. Huulizwa mwanga ulitoka wapi na ulikuwa na nguvu kiasi gani, shahidi alikuwa umbali gani, alimtazama mshukiwa kwa muda gani, na kama alimjua awali.

Baadhi ya watu huyaona maswali hayo kuwa hila za mawakili za kuwaokoa wahalifu. La hasha. Swali la mwanga na la umbali hupima kama macho yaliweza kuona. La muda hupima kama ubongo uliwahi kupanga ulichopokea. Kumuuliza shahidi maswali hayo si kumwita mwongo.

Kwa hivyo, yeyote aliyeshuhudia uhalifu anafaa kuwaeleza polisi mapema, kabla hajaonyeshwa mshukiwa yeyote, kile alichokiona: kimo, mavazi, alama za uso na hali ya mwanga. Na asichokiona vyema, aseme wazi kwamba hakukiona vyema.