Kabla kompyuta haijaenda kwa fundi

Kompyuta ya nyumbani ikianza kukwama, wengi huikimbiza kwa fundi na kumwachia neno la siri. Ndani yake kuna majibu ya vipimo vya mama, kadi ya bima na picha za watoto.

Usidhani ukifuta umemaliza. Kwenye diski za kawaida, kufuta huondoa kumbukumbu ya mahali faili lilipo. Lenyewe hubaki hadi kitu kingine kiandikwe juu yake. Ndiyo maana kuna programu za kurejesha mafaili yaliyofutwa.

Kama tatizo ni kioo, kibodi au chaji, mwombe fundi aitoe diski ubaki nayo; kazi hiyo haiihitaji. Kama ni programu, mfungulie akaunti yake isiyofikia mafaili yenu, au kaa naye hadi amalize.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya na za watoto kuwa nyeti. Lakini majibu ya kipimo cha VVU yakishasambaa mtaani, hakuna sheria inayoweza kuyarudisha.