Siti binti Saad: Aliyezaliwa Mtumwa Akafa Bibi

Kumwuliza mtu nasaba yake kabla ya kutazama amali yake ni maradhi ya tangu zamani, nayo hayajatutoka. Twawaletea wasomaji wetu maisha ya Siti binti Saad wa Unguja, huenda yakawa dawa.

Alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, wazazi wake wakiwa watumwa, naye akapewa jina la Mtumwa. Mwaka 1897 utumwa ukafutwa Unguja kwa sheria, lakini dharau haikufutika. Kama mama yake, alifinyanga vyungu akaenda kuviuza mjini kwa miguu, akivinadi kwa sauti iliyosikika mbali.

Mwaka 1911 akahamia mjini. Hakujua kusoma wala kuandika, ila alikuwa mwepesi wa kuhifadhi; akajifunza uimbaji kwa Ali Muhsin, mwanamuziki wa mjini. Ndipo akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima. Taarabu ya jumba la Sultani ilikuwa ya Kiarabu. Yeye akaiimba kwa Kiswahili, ikawafikia wachuuzi na wapagazi. Mwaka 1928 yeye na wenzake wakasafiri hadi Bombay kutia nyimbo katika sahani za santuri.

Hatuingii hapa katika hoja za wanavyuoni juu ya muziki. Twatazama alichokisema. Aliimba juu ya mume ampigaye mkewe, tajiri amdhulumuye maskini, na mahakama za wakoloni zilizomwacha mwenye hatia zikamwadhibu mnyonge. Aliyekosa haki barazani kwa hakimu, habari yake ilisikiwa na mji mzima.

Wenye kijicho walimkejeli kwa sura na asili yake. Hakurudisha matusi; alijibu kwa wimbo kwamba hasara ya mtu ni kukosa akili, wala si kukosa uzuri.

Alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na waandishi wa habari wanawake wa Tanzania wakaliita jarida lao Sauti ya Siti.

Basi, enyi wazazi, muuza vyungu apitapo mlangoni, watoto wetu hutusikia tukimwitaje? Mbele ya Mwenyezi Mungu mtu hapimwi kwa ukoo bali kwa uchaji wake. Na tujihadhari tusimdharau leo ambaye kesho tutahitaji ushahidi wake.