Kusimbua au Kung'amua? Somo Kutoka kwa Santuri za Njia Nne

Utangulizi

Katika vipindi vyetu vya istilahi, wanafunzi hutuuliza mara kwa mara kama maneno kisimbuzi na king'amuzi yana tofauti yoyote. Maneno haya yalienea Afrika Mashariki katika miaka ya 2010, matangazo ya televisheni yalipohamia mfumo wa dijitali, na wengi huyatumia kwa kifaa kile kile kinachowekwa kando ya televisheni. Kwa matumizi ya nyumbani hakuna ubaya. Hata hivyo, kuna kifaa kingine kinachotulazimisha kuyatenganisha, nacho ni kile cha kurudisha sauti nne kutoka kwenye santuri za miaka ya 1970. Makala haya yanaeleza jinsi kifaa hicho kinavyoundwa leo, na kwa nini fundi wake hana budi kujua kama anasimbua au anang'amua.

Santuri za njia nne ni nini?

Santuri ya stirio ina mfereji mmoja wenye kuta mbili. Ukuta mmoja hubeba sauti ya kushoto na mwingine ya kulia, na sindano huzisoma zote kwa pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kampuni za muziki zilitaka msikilizaji akae katikati ya spika nne, mbili mbele yake na mbili nyuma. Swali likawa: sauti nne zitaingiaje katika kuta mbili?

Majibu yalikuwa ya aina mbili. CBS ya Marekani ilileta mfumo wa SQ na Sansui ya Japani ikaleta QS. Mifumo hii ilichanganya sauti nne zikawa mbili. JVC ya Japani ilileta CD-4, ambayo ilizihifadhi zote nne kwa ujanja mwingine. Biashara hiyo haikudumu, lakini santuri zimebaki, ilhali vifaa vya kuzisoma vimezeeka. Ndiyo maana mafundi wa leo huunda vipya, mara nyingi kwa programu ya kompyuta.

CD-4: kazi ya kusimbua

Katika CD-4, kila ukuta wa mfereji una vitu viwili. Cha kwanza ni jumla ya sauti ya mbele na ya nyuma kwa upande huo. Hii husikika kama kawaida. Cha pili ni tofauti kati ya sauti hizo, ambayo imepandishwa juu ya wimbi la kubebea lenye mitetemo 30,000 kwa sekunde. Sikio la binadamu halivuki takriban 20,000, kwa hiyo wimbi hilo halisikiki.

Kifaa kikiisoma jumla na tofauti, hesabu iliyobaki ni ya shule ya msingi. Tuseme mbele ni 7 na nyuma ni 3. Jumla ni 10 na tofauti ni 4. Ukijumlisha 10 na 4 unapata 14, na nusu yake ni 7. Ukitoa 4 katika 10 unapata 6, na nusu yake ni 3. Hakuna kilichokisiwa: msimbo umefunguliwa. Hapa kitenzi kusimbua kinastahili kabisa.

SQ: kazi ya kung'amua

Katika SQ, kila sauti ya mbele hukaa katika ukuta wake. Sauti za nyuma huingia katika kuta zote mbili kwa kiasi sawa, ila ukuta mmoja hutangulia mwingine kwa robo ya mtetemo. Kwa nyuma kushoto hutangulia ukuta mmoja, na kwa nyuma kulia hutangulia ule mwingine. Hivyo sindano huzunguka kwa mwelekeo wa mishale ya saa kwa sauti moja, na kinyume chake kwa nyingine.

Kifaa hurekebisha ile robo, kisha hujumlisha na kutoa. Lakini sauti ya mbele nayo huvuja na kutokea katika kila spika ya nyuma kwa nusu ya nguvu yake. Hili haliepukiki, kwani mwenye milinganyo miwili hawezi kupata thamani za herufi nne.

Walimu wa sarufi wanalijua tatizo hili. Tukisema "Juma amempigia Asha mpira", je, mpira umeelekezwa kwa Asha au umepigwa kwa niaba yake? Umbo la kitenzi halitoi jibu. Msikilizaji huangalia muktadha. Kifaa cha SQ hufanya vivyo hivyo. Kila wakati hulinganisha kuta mbili, hutambua sauti yenye nguvu inatoka upande gani, kisha hupunguza uvujaji katika spika nyingine. Vifaa vingi vya zamani viliamua kwa sauti yote kwa pamoja, hata ngoma ikipigwa, fidla nayo iliweza kuonekana kuhama mahali pake. Programu za leo huigawa sauti katika mikanda mingi, kuanzia nzito hadi nyembamba, na kuamua kwa kila mkanda peke yake. Matokeo ni bora zaidi, lakini bado ni ung'amuzi.

Hatua za kuunda kifaa cha leo

1. Kupata sindano inayofaa. CD-4 huhitaji sindano ya umbo maalumu, kama ile iliyobuniwa na Norio Shibata wa JVC. Hugusa ukuta kwa eneo refu na jembamba, hivyo husoma mitetemo ya juu bila kuukwangua mno.

2. Kugeuza sauti kuwa tarakimu. Idadi ya sampuli kwa sekunde lazima izidi mara mbili ya mitetemo ya juu kabisa. CD-4 hufika takriban 45,000, kwa hiyo sampuli 96,000 zinatosha na 192,000 huacha nafasi zaidi.

3. Kuandika programu ya kusimbua au kung'amua, kulingana na santuri.

4. Kupeleka matokeo kwenye njia nne za kutolea sauti, kisha amplifaya na spika nne.

Hitimisho

Hatua ya pili inahitaji tahadhari. Anayenakili santuri ya CD-4 kwa sampuli 44,100, kiwango cha sidii ya kawaida, hupoteza lile wimbi la kubebea. Nakala itasikika safi, lakini mbele na nyuma zitakuwa zimegandana daima. Aidha, sindano butu hukwangua wimbi hilo hilo kutoka kwenye santuri yenyewe. Santuri ya SQ ikinakiliwa vizuri kwa kiwango hicho bado inaweza kung'amuliwa kesho kwa programu bora zaidi. Ya CD-4 haiwezi kusimbuliwa tena kutoka kwenye nakala hiyo.

Kwa hiyo, tunawashauri walimu wenzetu wasimpe mwanafunzi maneno haya mawili kama visawe tu. Kwanza aelezwe kazi ya kifaa, kisha achague mwenyewe neno linaloibeba.